Ukoo uliopitiwa na mpaka: namna ya kuushika udugu kati ya Tanga, Mombasa na Muscat

Kwenye fomu palikuwa na nafasi iliyoandikwa "Uhusiano wako na mwenyeji". Nikaandika "mama". Nilikuwa Mombasa, mama mkubwa amelazwa, siku nilizogongewa mpakani zinakwisha, nami naomba kuongezewa muda nimuuguze. Ofisa akachukua nakala ya cheti changu cha kuzaliwa, akasoma jina la mama, akasoma jina la mgonjwa, kisha akanirudishia karatasi zote.

"Mama yako si huyu."

Nikamweleza kuwa ni dada yake mama, ndiye aliyenilea tangu nilipoachishwa ziwa mpaka nikafika darasa la nne. "Basi si mama," akasema, na kwa fomu ile alikuwa sahihi. Kumtafuta wakili, kuapa hati ya kiapo na kurudi kwenye foleni kulinila siku mbili. Siku mbili hizo mama mkubwa aliniulizia kila alipofumbua macho.

Toka wakati ule nimewasaidia ndugu na majirani wengi wenye nyumba mbili, moja huku na moja kule, na nimejifunza kwamba nyumbani udugu unathibitishwa na wazee, mpakani unathibitishwa na karatasi. Ukoo wenye watu pande zote unahitaji ushahidi wa aina zote mbili, nao unakusanywa watu wakiwa wazima. Siku ya maradhi, ndoa au mauti hakuna atakayekungoja.

Nitaeleza kwa mfano ninaoujua, wa pwani yetu. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mstari wa kugawana nchi ambayo si yao, wakauanzia baharini kwenye mdomo wa mto Umba na kuupeleka hadi ziwa Viktoria. Vanga ikabaki upande ambao leo ni Kenya, Jasini upande ambao leo ni Tanzania, na katikati wakakatwa Wadigo na Wasegeju waliokuwa wakioana, wakizikana na kulima pamoja. Halafu yakaja Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, watu wakakimbilia Mombasa, Dar es Salaam, Dubai na Uingereza. Na baada ya Sultan Qaboos kushika utawala wa Oman mwaka 1970, wengi wenye asili ya kule wakaitwa kurudi. Ndiyo maana leo ukipiga hodi Ngamiani au Chumbageni, mitaa ya Tanga, si ajabu ukakuta mtu ana shangazi Likoni na ami yake Muscat.

Hatua ya kwanza: kaa na wazee, andika nasaba

Anza na mzee mkubwa kuliko wote, hata kama ndiye anayesahau. Nenda asubuhi, baada ya chai, akiwa hajachoka. Usimketishe na daftari kama unamhoji. Mwachie aongee, washa simu irekodi (umwombe ruhusa kwanza), na daftari ulishike baadaye nyumbani. Mzee mmoja kwa siku moja yatosha. Ukiwakutanisha wawili mapema, aliye mdogo atamnyamazia mkubwa, na mara nyingi mdogo ndiye anayekumbuka.

Uliza pande zote mbili, kuumeni na kukeni. Watu wengi wa mjini siku hizi wanajua ukoo wa baba peke yake kwa sababu ndio unaoandikwa kwenye majina. Kwa Wadigo hilo ni hasara kubwa: zamani mali na cheo vilipita kwa mjomba kwenda kwa mpwa, na mpaka leo zipo nyumba za Kwale na Mkinga ambako mjomba asiposema neno, posa haiendi. Ukiuacha ukoo wa kukeni umeiacha nusu ya watu wako, na mara nyingi ndiyo nusu iliyo ng'ambo ya mpaka, maana wanawake ndio walioolewa mbali.

Kwa kila mtu andika haya: jina aliloitwa nyumbani, majina kamili, baba na mama, alizaliwa wapi, alioa au kuolewa na nani, aliishi wapi, amezikwa wapi. Mahali pa kaburi ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu wajukuu wakija kutoka mbali ndicho kitu cha kwanza wanachoomba kuonyeshwa. Shuka kizazi kwa kizazi: mtoto, mjukuu, kitukuu, kilembwe, kilembwekeza. Familia nyingi nilizokaa nazo hufika kilembwe bila shida, na hapo kumbukumbu ndipo zinapoanza kugongana. Zikigongana, andika kauli zote mbili na jina la aliyesema kila moja. Usichague wewe.

Kuna swali moja ambalo vijana huona aibu kuliuliza, nami nakusihi usiliruke: nani alimnyonyesha nani? Kwa Waislamu walionyonya ziwa moja ni ndugu, hawaoani. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi pwani, hukumu inasimama kwa kunyonya mara tano kamili kabla mtoto hajatimiza miaka miwili. Zamani hili lilijulikana mtaa mzima, kwa kuwa mnyonyeshaji na mnyonyaji walikua pamoja. Sasa mmoja yuko Mwembe Tayari ya Mombasa, mwingine Ruwi ya Muscat, na watoto wanaonana kwenye simu wakipendana. Katika ukoo wangu uchumba ulifika mpaka kutolewa kishika uchumba, ndipo bibi mmoja wa Vanga akauliza kwa upole, "Huyu si yule ambaye mama yake nilimnyonyesha mimi?" Akauliziwa zaidi, akataja miezi, akataja nyumba, akataja na nguo aliyokuwa akimfungia mtoto. Kwa kuwa yule kijana naye alinyonya kwa bibi huyo, msichana akawa, kwa maziwa, mtoto wa dada yake. Hawakuoana. Machozi yalikuwa mengi, lakini fikiria bibi yule angefariki mwaka mmoja kabla. Andika maziwa kama unavyoandika damu, na andika ni mara ngapi kadiri wanavyokumbuka, kisha hukumu mwachieni sheikh.

Ukishamaliza, hakiki kwa kuwasomea wazee wote pamoja. Hapo ndipo mkutano unapofaa. Toa nakala tatu kwenye karatasi, kila upande wa mpaka ubaki na moja. Simu huibiwa.

Hatua ya pili: tengeneza orodha ya majina na tahajia zake

Mtu mmoja anaweza kuwa na majina matatu bila kudanganya popote. Tanga ni Salimu Juma Hamisi. Kwenye kipande cha Kenya, yaani kitambulisho cha taifa, ni Salim Juma Khamis. Oman ni Salim bin Juma bin Khamis na jina la kabila mwishoni. Dada yake ni Fatuma huku, Fatma kule. Mohamedi, Mohamed, Muhammad. Kwa mzee hao wote ni mmoja, lakini kompyuta ya ofisi inaona watu watatu.

Chora jedwali: safu ya kwanza jina la nyumbani, kisha jina kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, pasi, cheti cha shule, cheti cha ndoa. Herufi kwa herufi, unakili kwenye hati yenyewe, usitegemee kumbukumbu. Utashangaa. Pale zinapotofautiana, nenda kwa wakili au hakimu ukaape hati ya kiapo kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja, kisha weka nakala kadhaa zenye mhuri halisi. Fanya vivyo hivyo kwa mlezi: kama mtoto analelewa na shangazi au mama mdogo, kiapo cha wazazi kinachosema hivyo kiwepo kabla hakijahitajika hospitali au shuleni.

Na kwenye fomu yoyote usiandike neno la heshima mahali pa uhusiano. Sisi husema "baba" kwa baba mkubwa, "kaka" kwa mtoto wa mama mdogo, "mwanangu" kwa mpwa. Ni adabu nzuri na tusiiache majumbani. Kwenye fomu andika uhusiano wenyewe kwa ukamilifu: "dada wa mama mzazi", "mtoto wa kaka wa baba". Ningeandika hivyo siku ile Mombasa, nisingepoteza siku mbili.

Hatua ya tatu: weka sawa uraia na vyeti vya watoto

Hapa ndipo familia nyingi za mpakani zinapoumia. Nasema bila kificho kwa sababu nimeona watu wema wakiitwa wahalifu.

Kwanza sajili kila mtoto mahali alipozaliwa, mapema. Tanzania Bara uzazi unatakiwa kusajiliwa RITA, wakala wa usajili wa serikali, ndani ya siku 90; Kenya ukipita miezi sita usajili unahesabiwa umechelewa na masharti yanaongezeka. Zanzibar ina wakala wake wa usajili wa matukio ya kijamii. Aliyechelewa bado anaweza kusajiliwa: kadi ya kliniki, cheti cha kumaliza shule na barua ya serikali ya mtaa ndivyo vinavyombeba. Tunza kadi ya kliniki kama dhahabu.

Kisha jua sheria ya kila upande, maana hazifanani.

Kenya, kwa Katiba ya 2010, mtoto ni raia wa kuzaliwa kama baba au mama yake ni raia, awe amezaliwa ndani au nje ya nchi. Kabla ya hapo mama Mkenya aliyezaa nje hakuweza kumrithisha mtoto uraia wake. Katiba hiyo inawagusa hata waliozaliwa kabla yake, kwa hiyo kama mama yako alitoka Msambweni ya Kenya akaolewa Tanga na wewe una miaka hamsini, mlango ule haujafungwa kwako kwa sababu ya umri. Kenya pia inakubali uraia wa nchi mbili. Aliyeolewa au kuoa raia wa Kenya anaweza kuomba kusajiliwa kuwa raia ndoa ikitimiza miaka 7.

Tanzania, kwa Sheria ya Uraia ya 1995, mtoto aliyezaliwa nje anapata uraia wa kurithi kama baba au mama ni raia, ila mzazi huyo mwenyewe asiwe raia wa kurithi. Soma tena sentensi hiyo. Maana yake urithi unashuka hatua moja. Binti yako akizaliwa Mombasa anaupata kwako; naye akijifungulia Mombasa, mtoto wake haupati kwake. Wengi wanalijua hili wakati mjukuu ameshaanza kuomba kitambulisho. Tanzania pia hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili: mtoto mwenye wa huku na wa kule akitimiza miaka 18 anatakiwa kuchagua, na akitaka kubaki Mtanzania aukane ule mwingine. Na mke mgeni wa Mtanzania ana njia ya kuomba uraia kwa ndoa, wakati mume mgeni wa Mtanzania hana njia hiyo. Naliona hilo ni dhuluma kwa mabinti zetu na ninalisema kila ninapopata nafasi, lakini mwongozo huu ni wa kukusaidia chini ya sheria iliyopo.

Kwa hiyo, kama una kipande cha Kenya mfuko mmoja na kitambulisho cha NIDA, yaani cha taifa cha Tanzania, mfuko wa pili, usiendelee kuishi hivyo ukidhani hakuna atakayejua. Alama za vidole sasa ziko kwenye mitambo. Kaa na mwanasheria anayejua mambo ya uhamiaji, chagua, maliza. Kwa watoto, wafundishe mapema kwamba mwaka wa 18 una uamuzi ndani yake. Mzungumze kuanzia miaka 16, mtoto mwenyewe akiwepo: anataka kusoma wapi, kufanya kazi wapi, na shamba la babu liko wapi. Suala la shamba nitalirudia.

Hatua ya nne: safari yenyewe

Tanga hadi Horohoro ni kilomita 65 za lami. Unavuka mpaka kuingia Lunga Lunga, upande wa Kenya, unapita Msambweni na Ukunda, unafika feri ya Likoni. Ukianza alfajiri, adhuhuri umeshakula wali kwa mwenyeji wako. Kwa kuwa ni karibu hivyo, watu wanasahau kwamba ni safari ya kwenda nchi nyingine.

Kila mtu awe na hati yake ya kusafiria, mpaka mtoto wa mkononi. Kama huna pasi, Watanzania wanaweza kuomba hati ya dharura ya safari, na Wakenya wana kibali chao cha muda cha kuvukia. Kitambulisho cha taifa peke yake usikitegemee kati ya nchi hizi mbili, hata kama rafiki yako amevuka nacho kwenda Uganda. Bebeni kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Tangu Julai 2016 chanjo hiyo inahesabiwa ni ya maisha, kwa hiyo kadi ya zamani haijafa, ilimradi jina linasomeka na linalingana na la kwenye pasi.

Kanuni za Soko la Pamoja la Afrika Mashariki zinamruhusu raia wa nchi mwanachama kukaa hadi miezi sita, lakini kinachokufunga ni kile kilichoandikwa kwenye mhuri wako. Ukisharudishiwa pasi, simama pembeni, soma siku ulizopewa kabla hujaondoka dirishani. Kama unakwenda kuuguza na hujui utakaa muda gani, liseme hapo hapo. Omba kuongezewa muda wiki moja kabla haujaisha.

Mtoto anayesafiri na shangazi au bibi awe na barua ya idhini ya wazazi wote wawili iliyothibitishwa na wakili, pamoja na nakala ya cheti chake na namba za simu za wazazi zinazopatikana. Ofisa anayekuhoji kuhusu mtoto anamlinda mtoto. Mjibu kwa utulivu.

Njia za panya zipo, kila mtu wa Jasini anazijua. Usizipite hata kwa mazishi. Ukivuka bila mhuri ukapata ajali au ukaugua, huna namna ya kueleza umefikaje.

Hatua ya tano: watoto wajuane

Nasaba ya kwenye daftari haimtoshi mtoto. Anahitaji kulala chumba kimoja na binamu zake, wagombane, wapatane, wale sahani moja. Likizo za shule hazilingani sana: Tanzania hufunga Juni na Desemba, Kenya hufunga Aprili, Agosti, na kuanzia Novemba mpaka mwisho wa mwaka. Kwa hiyo Desemba ndiyo ya wote. Pangeni mwaka mmoja huku, mwaka mmoja kule, na mkubaliane mapema nani anabeba nauli.

Kabla hawajakutana, waelezeni watoto maneno. Wa Mombasa atasema "kazeni" pale wa Tanga anaposema "binamu" au "ndugu" tu. Wa Tanga atamwita "baba mkubwa" yule ambaye wa Mombasa anamwita "ami". Wa Tanga ataamkia shikamoo asubuhi, mchana na jioni. Aliyekulia Muscat anaweza kusalimia kwa "asalaam alaykum" na kubusu mkono wa mzee, akadhani amemaliza adabu zote, kumbe bibi anasubiri shikamoo yake. Mwambie bibi naye mapema, asinune bure.

Saa nazo zinachanganya. Oman iko mbele yetu kwa saa moja. Isitoshe, kijana aliyekulia kule akisema "saa tisa" kwa Kiswahili huenda anamaanisha 9:00, ambayo kwetu ni saa tatu. Kwenye kundi la familia tuliandika sheria: muda wa kupigiana unaandikwa kwa tarakimu, wa Tanga na wa Muscat, mfano 20:00 Tanga, 21:00 Muscat. Tangu hapo babu hajakaa tena na simu mkononi akisubiri mtu asiyepiga. Simu za WhatsApp zikizuiwa, kama inavyotokea Dubai na sehemu nyingine za Ghuba, ujumbe wa sauti unapita. Wazee wanaupenda kuliko maandishi, na ukiuhifadhi, siku moja utakuwa urithi.

Hatua ya sita: michango

Teueni watunza fedha wawili au watatu, mmoja kila nchi, na kila mmoja apokee kwa sarafu ya kwake. Kutoka Kenya kuja Tanzania pesa inaweza kutumwa kwa M-Pesa moja kwa moja; kutoka Oman wengi hutumia maduka ya kutuma fedha. Kila kinachoingia kiandikwe kwenye kundi siku hiyo hiyo: kimetoka kwa nani, kiasi gani, kwa ajili gani. Wa Muscat asigeuzwe benki ya ukoo. Nimekaa na ami yangu usiku mmoja akinionyesha simu yake, jumbe kumi na moja za siku moja, zote za kuomba, na hakuna hata mmoja uliouliza hali yake baada ya kufanyiwa upasuaji. Alikuwa haonyeshi hasira. Alikuwa anazipitisha tu kwa kidole gumba, taratibu, huku akinitajia ni mtoto wa nani.

Kwa hiyo weka fungu la kila mwezi ambalo hata wa Vanga mwenye kipato kidogo analitoa, japo dogo. Mzee akiugua, fungu linatoka bila mtu kupiga magoti. Bima ya afya ya nchi moja usiitegemee nchi ya pili. Mgonjwa anayevuka kutibiwa aende na fedha mkononi au na ahadi ya watu wenye majina.

Hatua ya saba: posa na ndoa

Washenga watoke pande zote mbili, na mmoja wao awe anajua mila za upande wa pili. Mahari itajwe kwa sarafu moja, iandikwe. Ndoa ifungwe na msajili au sheikh mwenye leseni, na cheti cha serikali ya nchi ilikofungwa kichukuliwe, kisiishie kile cha msikitini. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inataka taarifa ya kusudio la ndoa ya siku 21, kwa hiyo msikate tiketi za watu wa Muscat kabla ya kumuuliza msajili. Mara nyingi mgeni ataombwa uthibitisho kwamba hana kizuizi cha ndoa kwao. Na hapo daftari la nasaba lifunguliwe mbele ya wazee, kurasa za damu na kurasa za maziwa, kabla kishika uchumba hakijatoka.

Hatua ya nane: msiba na mirathi

Zungumzeni mahali pa kuzikwa wakati mtu yu hai. Waislamu tunaharakisha mazishi, na kuvusha maiti kunahitaji kibali cha mazishi, hati ya kifo, barua za hospitali na za ubalozi, na muda. Katika ukoo wetu tulikubaliana: afiaye Mombasa azikwe Mombasa, afiaye Tanga azikwe Tanga, na khitma isomwe kote. Neno hilo lilimwondolea kila mtu mzigo wa kuamua akiwa analia. Mjane anakaa eda miezi minne na siku kumi, kwa hiyo kama ana karatasi za kusaini upande wa pili, wakili au ndugu mwenye hati ya uwakilishi aende, msimvushe.

Mirathi ya Waislamu Kenya huenda kwa Kadhi. Tanzania Bara kwa kawaida mnaanzia Mahakama ya Mwanzo, mkiwa na muhtasari wa kikao cha ukoo. Zanzibar ipo Mahakama ya Kadhi. Kikao hicho kiwe na saini za warithi wote, hata walio mbali, na hapo ndipo lile jedwali la majina linapowaokoa.

Sasa shamba. Tanzania, kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, asiye raia kwa kawaida hagawiwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Kenya, kwa Katiba, asiye raia anaweza kushika ardhi kwa ukodishaji tu, usiozidi miaka 99. Kwa hiyo bibi akiacha minazi Mkinga na watoto watano, watatu Watanzania na wawili Wakenya, mkigawana mistari ya minazi kama zamani mnatengeneza kesi ya wajukuu. Familia nilizoona zikipita salama zilifanya hivi: ardhi ikashikwa na walio raia, shamba likathaminiwa na mtu wa nje ya ukoo, na wa ng'ambo wakalipwa thamani ya mafungu yao, kwa mkupuo au kwa mavuno ya miaka waliyokubaliana. Yote yakaandikwa mbele ya wakili, na nakala ikapelekwa serikali ya kijiji. Sheria hizi hurekebishwa, basi kabla hamjasaini muulizeni mwanasheria wa nchi lilipo shamba.

Eneo la makaburi msilithamini na msiliuze. Kwetu tulilipima kwa kamba, mama mdogo kutoka Vanga ameshika ncha moja na mimi ncha ya pili, tukapanda mikwaju pembe nne, tukaliandika kwenye muhtasari kuwa ni la wote. Desemba watoto wakija, wakubwa huwashika wadogo mikono na kuwasomea majina kwenye daftari, kaburi kwa kaburi.